Gazeti la Kadhi

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa alikuwa mwanachuoni aliyeupenda uandishi wa habari. Mnamo 1930 alianzisha Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, zile zile walizojifunza watoto wa pwani katika vyuo vya Kurani. Uamuzi huo ulikuwa wa busara: aliyejua kusoma msahafu aliweza kulisoma gazeti pia, hata kama hakukanyaga shule ya serikali. Mwaka 1932 likafuata Al-Islah, lililochapishwa kwa Kiswahili na Kiarabu kwa pamoja.

Hakuandika fatwa tupu. Aliwakumbusha wasomaji elimu na heshima walizokuwa nazo Waislamu zamani, kisha, bila kupepesa macho, akawauliza zimekwenda wapi. Aliwasuta waliofilisika kwa sherehe za arusi na waliomwiga Mzungu kwa mavazi huku wakiiacha elimu yake. Akahimiza pia wasichana wasomeshwe. Ukali huo haukumpendeza kila mtu, lakini ndio uliozipa makala zake uhai. Alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Cairo, na athari ya jarida hilo inaonekana katika makala zake.

Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Baadhi ya makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu Uwongozi, mwaka 1944. Aliacha pia, kwa Kiarabu, historia ya utawala wa Wamazrui, iliyochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995.