Mchezo wa masomo: maneno ni ya nani?

Mu masomo moja ya sekonderi, kijiji karibu na Lubumbashi, niliona kilabu cha teatre. Batoto walisema Kifaransa bila kukosa neno. Wazazi walipiga makofi, lakini pale pa kuchekesha hakuna aliyecheka. Mwalimu ndiye aliandika yote. (Na mimi nilifanya vile, miaka mingi.)

Mu 1986, kundi la Mufwankolo lilipocheza «Le pouvoir se mange entier» kule Kawama, hawakushika karatasi: walipatana kwanza juu ya hadithi, kisha kila mmoja alitafuta maneno yake, kwa Kiswahili chetu, na watu wa kijiji waliingia mu mchezo.

Kilabu cha masomo kinaogopa nini? Mwanafunzi akifukuzwa sababu ya minervali, hiyo ni mchezo tayari, na maneno yake anayajua. Aseme, mbele yetu sisi walimu.