Kaptula la Marx: Kicheko na Kujikosoa Katika Chama

Sanaa haielei hewani. Tamthilia inayomchukua mtu wa historia, ikampandisha jukwaani na kumfanya achekwe, hutuwekea maswali matatu ya kiitikadi: anayechekwa ni nani, anayecheka ni nani, na kicheko hicho kinamsaidia nani? Kada asiyejiuliza maswali hayo hupiga marufuku asichokielewa, au hushangilia kinachomdhihaki yeye mwenyewe.

Tuitazame tamthilia ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kilicho jirani na Mara. Kaptula la Marx iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati siasa ya vijiji ilipokuwa imepamba moto, lakini haikuchapishwa hadi mwaka 1999. Ndani yake Rais Kapera anavaa kaptula la Karl Marx, linampwaya, naye anaongoza mawaziri wake katika safari ya kuitafuta nchi ya Usawa. Hapo Marx si picha ya ukutani tena. Ni nguo. Na nguo, tofauti na picha, humwuliza anayeivaa kama inamkaa.

Kwa watu wa Mara safari hiyo si ngano tupu. Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliondoka Butiama kwa miguu akafuata njia ya Mwanza, ambayo hupita Bunda, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Wananchi wengi nchini walitembea vivyo hivyo kuliunga mkono Azimio, na kijana Seth Benjamin alifariki akiwa katika matembezi hayo. Basi tamthilia ya kiongozi anayetembea kwenda Usawa inagusa jambo ambalo watu walilitolea jasho na uhai. Je, mwandishi ana haki ya kulichekea?

Kwanza tuikosoe tamthilia. Ikiwa Kapera ni Mwalimu, basi fundi amekosea kipimo. Katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, Mwalimu aliujenga msingi wake juu ya familia ya Kiafrika, wala si juu ya Marx. Waliokuwa na shauku ya kulivaa kaptula hilo walikuwa hasa vijana wasomi wa Chuo Kikuu, wale wa jarida la Cheche lililofungwa mwaka 1970, nao walimlaumu Mwalimu kwa kutolivaa. Kwa hiyo, mshale uliolengwa kwa mtu mmoja umempata mwingine: kada anayekariri maneno makubwa ambayo hajayapima katika shamba la mkulima.

Lakini ni makosa kuishia hapo. Ukweli wa kejeli hii hauko katika jina la mwenye nguo, uko katika tendo la kuvika watu bila kuwapima. Mwaka 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na mwisho wake ukawekwa kuwa 1976. Jambo lililotakiwa kukua kwa hiari likasukumwa kwa malori. Huo ndio ukinzani uliofichuliwa na kaptula linalopwaya. Mwalimu mwenyewe hakuukwepa ukweli: mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio, alikiri kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Na mwaka 1991, Azimio la Zanzibar lilipolegeza miiko ya uongozi, waliolivua vazi hilo hawakuwa wachekeshaji wa jukwaani. Walikuwa viongozi waliokuwa wamechoka nalo.

Hivyo tunahitaji kipimo cha kutenganisha kejeli inayojenga na ile inayobomoa. Kipimo hicho tunacho nyumbani: ni utani. Katika makabila mengi ya nchi yetu, mtani huja msibani akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na kuyataja mapungufu yake mbele ya wafiwa. Watu hucheka machozi yakiwatoka, wala hakuna anayekasirika. Kwa nini? Kwa sababu mtani huyo huyo hushika jembe kuchimba kaburi. Haki yake ya kucheka inatokana na wajibu wake wa kufanya kazi. Kejeli ya mtani hutoka ndani ya nyumba, ilhali kejeli ya beberu hutoka dirishani, ikifurahia nyumba inavyoungua. Tamthilia ya Kezilahabi ni ya mtani, maana haiucheki Usawa. Inawacheka wanaodai kuujua njia.

Wapo watakaosema kuwa kumcheka kiongozi ni kukidhoofisha Chama. Tuwakumbushe kwamba mzaliwa wa Butiama ndiye aliyemleta Shakespeare katika Kiswahili, kwa tafsiri ya mwaka 1963 iliyorekebishwa na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tamthilia hiyo inafunguka kwa mshona viatu anayewafanyia mzaha wakubwa wa Roma, na inaonyesha kiongozi anayeangamia akiwa amezungukwa na sifa. Kaizari hakuuawa na mzaha wa mshona viatu. Waliomuua ni watu waliomsogelea wakijifanya waombaji.

Wajibu wetu basi uko wazi. Vikundi vya sanaa na wanafunzi wa Musoma, Bunda na Butiama waichukue tamthilia hii waicheze mbele ya wazee walioiona safari ya 1967 na kuhamishwa kwa vijiji. Baada ya mchezo, wazee waulizwe: kaptula lilipwaya wapi, na nani alipaswa kulipunguza? Makada wakae kwenye mikeka pamoja na wananchi, wasikilize. Chama kinachoweza kucheka makosa yake mbele ya watu wake bado kina watani. Kisichoweza kimebakiwa na wasifiaji, na wasifiaji hawachimbi kaburi la mtu.