Uchezekaji: Kipimo cha Kuhakiki Michezo ya Video

Neno mchezo limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili. Mpira ni mchezo, bao ni mchezo, karata ni mchezo. Tamthilia inayoonyeshwa jukwaani nayo ni mchezo, na mzaha wa rafiki vilevile. Wingi huu wa maana haukutudhuru kwa miaka mingi, maana msikilizaji alitambua mara moja ni mchezo wa namna gani unaotajwa. Matatizo yalianza ulipoingia mchezo wa video. Huu ni mchezo kwa maana mbili kwa pamoja: una kanuni, ushindi na kushindwa kama bao, tena una wahusika, mandhari na visa kama mchezo wa kuigiza. Mhakiki anayeuandikia kwa Kiswahili hujikuta ameazima istilahi zake zote upande wa jukwaani. Husifu picha, husifu wahusika, hulaumu msuko wa hadithi, akafika mwisho bila kumwambia msomaji mchezaji anafanya nini hasa, na kama jambo hilo lina ladha.

Makala haya yanakusudia kupendekeza istilahi moja na kuipima kwa michezo minne. Istilahi yenyewe ni uchezekaji. Uundaji wake ni wa kawaida: kama soma inavyozaa someka na usomekaji, ndivyo cheza inavyozaa chezeka na uchezekaji. Usomekaji ni sifa ya kitabu, si ya msomaji. Kadhalika uchezekaji ni sifa ya mchezo, si ya mchezaji. Neno uchezaji, ambalo baadhi ya wenzetu wamelitumia kwa dhana hii, limekwisha kushikwa na watangazaji wa mpira, na kwa haki: fulani ana uchezaji mzuri. Kuliongezea maana ya pili ni kurudia kosa lilelile la neno mchezo.

Upo upinzani unaostahili kusikilizwa. Husemwa kwamba chezeka ni neno la dharau, kwa kuwa mtu asiyefanyiwa mzaha ndiye asiyechezeka. Ni kweli, lakini muktadha hutenganisha. Wapo pia wanaopendekeza tuache kuunda na kutohoa tu, kwa kuwa vijana wamekwisha kusema gemu na padi. Mwandishi hana ugomvi na gemu. Tulipendekeziwa ngamizi na tarakilishi; la pili limedumu katika vitabu vya shule nchini Kenya, lakini sokoni kompyuta ndiyo iliyoshinda, wala hakuna aliyekufa. Lakini utohozi hutupa jina la kitu. Hautupi kipimo cha kukihukumia, na kipimo ndicho tulichokikosa.

Kipimo hicho, tukikitazama vizuri, si kigeni kwetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Halina hadithi wala mhusika, na ubao uliochongwa na fundi hodari hauchezeki vizuri kuliko mashimo yaliyochimbwa mchangani. Utamu wake wote umo katika kanuni: namua, ambapo kila mchezaji ana kete 22 mkononi na kuziingiza moja moja, mtaji, kete za mkononi zikiisha, sharti la kula pale panapolika, na kutakata pasipolika, na nyumba, shimo moja lenye uzito usiolingana na mashimo mengine. Watazamaji barazani hawausifu ubao. Husifu au hucheka uamuzi wa mchezaji. Hapo ndipo uchezekaji unapokaa: ni kiasi cha maamuzi yenye maana ambayo kanuni humpa mchezaji, na namna matokeo ya maamuzi hayo yanavyomrudia.

Kwa kipimo hiki, Tetris inasimama mbele kabisa. Aleksei Pajitnov aliitunga mwaka 1984 katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Kisovieti, Moscow, kwa mashine ya Elektronika 60. Mashine hiyo haikuweza kuchora picha. Ilionyesha maandishi tu, na vipande vya mchezo vilitengenezwa kwa alama za mabano. Mhakiki wa picha angekuwa hana la kuandika. Hata hivyo maumbo saba, kila moja la miraba minne, yakianguka katika kisima chenye upana wa miraba kumi, yanamlazimisha mchezaji aamue kila mara: aweke wapi, asubiri nini, akubali shimo gani lisizibwe. Kosa lake halifutiki. Humkalia chini ya macho na kumpunguzia nafasi.

Kasoro yake ni kwamba haina ushindi. Mchezaji huchelewesha kushindwa, basi. Katika toleo la Nintendo la 1989, kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba binadamu hawezi kuvuka kiwango cha 29, maana vipande huanguka upesi kuliko kidole. Vijana wakabuni njia mpya za kugonga padi, na Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 huko Oklahoma, Marekani, alicheza hadi programu yenyewe ikakwama. Hapa mashine ndiyo iliyosalimu amri, nasi tunakosa neno la kulieleza tukio hilo, kwa kuwa kanuni hazikuwahi kuahidi kwamba mchezaji anaweza kushinda. Kasoro ya pili ni bahati: maumbo mawili yaliyopinda yakifuatana bila kikomo, hakuna ustadi utakaomwokoa mchezaji. Watengenezaji waliliona hili. Matoleo ya miaka ya 2000 huchanganya maumbo yote saba kama kete mfukoni na kuyatoa mpaka yaishe, ndipo yachanganywe upya. Huko ni kurekebisha kanuni, wala hakuonekani kwa macho. Hakiki nyingi hazikutaja.

Pac-Man, uliotolewa na Namco ya Japani mwaka 1980 kwa ubunifu wa Toru Iwatani, una somo la namna nyingine. Mdomo wa manjano hula nukta katika njia za mzingile, ukifukuzwa na mazimwi manne. Mtazamaji huona mazimwi yaleyale kwa rangi tofauti. Mchezaji huona tabia nne. Jekundu humfuata alipo. La waridi hulenga miraba minne mbele ya mdomo wake, likimvizia. La buluu hukadiria mahali pa kwenda kwa kutazama pia lilipo jekundu. La rangi ya chungwa hukimbilia kwake, na likikaribia hugeuka na kujiondokea kwenda pembeni. Ni mara chache wahusika wamechorwa kwa kanuni tupu namna hii, bila neno moja kutamkwa.

Lakini mazimwi hayo hayana hiari. Mchezaji akipita njia ileile kwa wakati uleule, nayo hufanya yaleyale, na mabingwa hukariri njia nzima kama mwanafunzi akaririvyo jedwali la kuzidisha. Kuanzia duru ya 21 hakuna kipya, na ifikapo duru ya 256 nusu ya skrini hujaa takataka kwa kuwa hesabu ya duru imezidi uwezo wa nafasi iliyotengewa. Alama za juu kabisa zinajulikana: 3,333,360. Mchezo unaoweza kumalizwa kwa kumbukumbu peke yake umepungukiwa uchezekaji, hata ungependwa vipi; bao haulimalizi hivyo, kwa sababu aliyekaa mkabala nawe naye anafikiri.

Nimesema duru, si ngazi. Wafasiri huandika ngazi kila mahali, lakini katika Pac-Man mchezaji hapandi popote. Hurudia mzingile uleule kwa kasi kubwa zaidi. Ngazi tuihifadhi kwa michezo ambamo uwezo wa mchezaji hukua, na kiwango kwa ugumu. Vivyo hivyo, mdomo ule haupewi “maisha matatu”. Maisha ni muda mtu aliokaa duniani na mambo yake. Hupewa roho tatu, kama tusemavyo kwamba mtu ana roho ya paka.

Sasa tufike mahali penye ugumu, maana michezo miwili iliyobaki inatugusa sisi wenyewe, na mhakiki aguswapo hukosa mizani. Civilization IV, wa mwaka 2005, hufunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili. Christopher Tin alitunga muziki wa “Baba Yetu” kwa maneno ya Sala ya Bwana, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Tumejivunia, na tulikuwa na haki. Ila kujivunia wimbo si kuhakiki mchezo. Tuvuke mlango tuingie ndani.

Ndani mna nguvu kubwa. Mchezo huenda kwa zamu; katika kila zamu mchezaji huchagua mji ujengwe wapi, maarifa gani yatafutwe kwanza, jirani apewe amani au vita. Uamuzi wa zamu ya 20 huonekana faida yake au hasara yake katika zamu ya 200. Kwa kipimo chetu huu ni uchezekaji wa daraja la juu, na anayeketi saa mbili huinuka usiku wa manane.

Udhaifu umo katika yale ambayo kanuni zinayachukulia kuwa ya kweli. Mataifa yote hupanda mti mmoja wa maarifa. Mwendo wa binadamu ni njia moja, na swali ni nani anatangulia. Dini saba zimetajwa, lakini zote zina athari ileile. Watengenezaji walikwepa ugomvi, na kwa kuukwepa wakaifanya dini kuwa bendera tu. Sala iliyoimbwa mlangoni haina kazi ndani. Na katika nchi ambayo taifa lolote halijaishika hutokea watu wasio na jina, wanaoshambulia na hata kujenga miji, ambao mchezaji hawezi kuzungumza nao. Mfasiri atawaitaje? Neno lililo karibu ni washenzi, na jina la mchezo lingekuwa ustaarabu. Hapo mfasiri wa Kiswahili huona jambo ambalo huenda mtengenezaji hakuliona. Ustaarabu, kwa asili yake, ni kufanana na Waarabu. Mshenzi ni jina ambalo watu wa pwani waliwapa watu wa bara. Maneno yote mawili ni hukumu ya waliokaa mjini dhidi ya waliokaa nje. Tafsiri ikifanywa kwa uaminifu, mchezo hujieleza wenyewe kuliko ulivyokusudia. Mwandishi angependelea wasio na dola, lakini anakiri kwamba neno hilo ni pole kuliko kanuni inavyostahili. Katika toleo la 7, la mwaka 2025, kanuni yenyewe ilibadilishwa: watu hao wamekuwa nguvu zinazojitegemea, na mchezaji anaweza kufanya urafiki nazo. Istilahi ikafuata kanuni, nayo ndiyo njia iliyo sawa.

Wala Waswahili hawamo miongoni mwa mataifa ya kuchezwa katika Civilization IV. Mali imo, Misri imo, na baadaye wakaongezwa Wazulu na Ethiopia. Lugha iliimba, wenye lugha hawakualikwa.

Mchezo wa nne ni Halo 3: ODST, wa mwaka 2009, ambao kisa chake kimewekwa katika Mombasa Mpya ya mwaka 2552. Askari mmoja huamka usiku, saa sita baada ya wenzake kutawanyika, akatembea peke yake katika mji uliovamiwa, mvua ikinyesha na saksafoni ikilia kwa mbali. Katika michezo iliyotangulia mchezaji alikuwa shujaa mwenye ngao inayojijaza; huyu ni mtu wa kawaida, na jeraha lake halifungi mpaka afike kwenye kisanduku cha dawa ukutani. Badiliko hilo dogo la kanuni linamfanya achungulie kila kona kabla ya kuvuka. Kuna wakati ni busara kupita kimya na kuwaacha adui walivyo. Sehemu hizi za usiku ni kazi bora. Kila akiokota kitu cha mwenzake, hata hivyo, mchezo hurudi mchana na kumwonyesha yaliyompata huyo, na huko huwa ni kupiga risasi kama ilivyozoeleka. Mashaka yote ya usiku huyeyuka.

Mji una majina tunayoyajua: Kizingo, Kikowani. Msomaji wa Mombasa atatabasamu. Lakini mitaa inafanana mno hata mchezaji hutembea kwa kufuata alama kwenye ramani, na wenyeji karibu wote wamekwisha kuondoka. Hapa napendekeza jaribio rahisi kwa mhakiki. Badilisha majina hayo yawe ya mji wowote wa dunia, kisha uulize: kuna uamuzi wowote wa mchezaji uliobadilika? Katika ODST hakuna. Fanya hivyo kwa “Baba Yetu”. Uimbe kwa lugha nyingine. Mlango utapungua uzuri, ndani hapatatikisika.

Jaribio hilohilo hutoa jibu tofauti katika Civilization VI, wa mwaka 2016. Zanzibar imo humo kama mji wenye dola yake, haichezwi, ila taifa linaloshinda wengine kwa kujenga urafiki nayo hupata mdalasini na karafuu, bidhaa zisizopatikana kwa njia nyingine yoyote katika mchezo mzima, na raia wake hutulia. Basi mchezaji wa mbali, asiyejua Unguja iko wapi, hutuma wajumbe huko badala ya kwingine kwa sababu ya karafuu. Jina limeingia katika kanuni na linaamua zamu zake. Kwamba sehemu kubwa ya karafuu hizo hulimwa Pemba, kanuni haisemi, na ndugu zetu wa huko wana haki ya kulalamika.