Uhuru wa Msanii na Ukimya wa Sauti: Uhakiki wa Safari ya Kisanaa ya Nine Inch Nails

Bendi ya Nine Inch Nails iliasisiwa mwaka 1988 mjini Cleveland, Ohio, na Trent Reznor, aliyekuwa mfanyakazi wa studio na kurekodi nyimbo zake usiku, studio ilipokuwa haina wateja. Albamu ya kwanza, Pretty Hate Machine (1989), ilitolewa na kampuni ya TVT Records. Mgogoro ulizuka baina yao, na Broken (1992) ikaanza kurekodiwa kwa siri ili kampuni isiiingilie.

Aghalabu safari hii husimuliwa kama ushindi wa msanii dhidi ya kampuni. Usimulizi huo una ukweli, lakini haujibu swali la kifani: uhuru huo uliifanya nini sauti ya mwimbaji?

Katika The Downward Spiral (1994), midundo ya mashine huibana sauti ya nafsineni hadi ikawa mnong’ono au yowe. Msikilizaji huutambua mvutano wa mamlaka kabla hajayaelewa maneno. Mashine hapa si pambo. Ni mhusika mpinzani.

Mwaka 2007 bendi ilijitoa Interscope. Machi 2008 ikatoa yenyewe Ghosts I–IV, vipande 36 visivyo na uimbaji, chini ya leseni ya Creative Commons. Hivyo, msanii aliyepigania haki ya kusema aliitumia nafasi yake ya kwanza kunyamaza.

Yawezekana kupinga kwamba The Slip, iliyogawiwa bure Mei 2008, ina uimbaji. Pingamizi hilo lina uzito: ukimya haukuwa wa kudumu. Hata hivyo, njia iliyozaa matunda zaidi ni ile ya Ghosts. Reznor na Atticus Ross, walioshirikiana katika albamu hiyo, walitunga muziki wa filamu ya The Social Network (2010) na kutuzwa Oscar mwaka 2011. Humo muziki unatumikia kisa cha mtu mwingine, chini ya mwongozaji David Fincher. Mwaka 2013, Hesitation Marks ikatolewa kupitia Columbia, kampuni kubwa.

Kwa hiyo, uhuru wa bendi hii haukuwa kuishi bila mamlaka, bali kupata uwezo wa kuchagua ni mamlaka ipi ya kufanya nayo kazi. Uhakiki unaoishia kwenye ushindi wa 2008 unaikata safari hiyo katikati.