Barua za Hooker kwa Mkewe: Nani Anasema, Nani Amenyamaza?

Katika semina moja ya nadharia ya fasihi, mwenzetu mmoja alisimama akasema: "Barua si fasihi. Barua ni habari tu. Fulani kafika salama, fulani anaumwa, nitumie pesa, basi." Darasa zima likacheka, mwalimu akatabasamu, na mjadala ukaishia hapo. Makala haya yanataka kuufungua tena. Lakini hatutaufungua kwa mtindo uliozoeleka, yaani ule wa kudai kwamba barua ni fasihi kwa sababu ina tashibiha na tamathali. Swali letu ni jingine: barua inaposomwa na mtu ambaye hakuandikiwa, yaani mimi na wewe ndugu msomaji, ni sauti ya nani tunayoisikia, na ni ya nani imekatwa?

Mfano tutakaoutumia ni barua ambazo Joseph Dalton Hooker, mwanabotania wa Uingereza wakati wa Malkia Victoria, alimwandikia mkewe Hyacinth mwaka 1877 akiwa safarini Marekani.

Hapa atainuka mtu aniulize: Hooker anatuhusu nini sisi? Anatuhusu, tena sana. Huyu bwana ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya Kew, karibu na London, tangu 1865 hadi 1885. Katika miaka hiyo mimea ya karibu kila koloni la Waingereza ilipitia mezani kwake. Hata ya kwetu ilipita. Mmisionari Charles New alipopanda Kilimanjaro mwaka 1871 na kufika kwenye theluji, mimea aliyoichuma huko juu ilipelekwa Uingereza, na Hooker ndiye aliyeiandikia makala ya kitaalamu. Kwa hiyo majani ya mlima wetu yalipewa majina ya Kilatini na mtu ambaye hakuwahi kuuona mlima wenyewe. Mtu mwenye mamlaka ya namna hiyo, ni vizuri tumsikilize pia anapoivua koti la ofisi na kuzungumza na mke wake.

Tuanze na mazingira, maana barua isiyowekwa kwenye mazingira yake ni karatasi tu. Mwaka 1877 Hooker alitimiza miaka 60. Alikuwa rais wa Royal Society, rafiki wa Darwin wa miaka mingi, na safari zake za ujanani katika Himalaya zilikwishamfanya mtu mashuhuri. Mke wake wa kwanza, Frances Henslow, alifariki mwaka 1874 akimwachia watoto sita, baadhi yao wakiwa bado wadogo. Mwaka 1876 akamwoa Hyacinth, mjane mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Mwaka mmoja tu baada ya ndoa, huyo! Amevuka bahari kwenda kuchuma mimea. Nyuma yake ameacha nyumba ya Kew, watoto wa mwanamke aliyetangulia, na mke ambaye mwaka huohuo wa 1877 alimzalia mtoto wao wa kwanza, Joseph Symonds. Binti mkubwa wa Hooker naye alikuwa ameolewa mwezi Juni mwaka huo na William Thiselton-Dyer, msaidizi wake pale bustanini. Kazi na familia zilikuwa zimefungwa fundo moja.

Huko Marekani mwenyeji wake alikuwa Asa Gray, profesa wa mimea wa Harvard. Walichokitafuta kilikuwa swali zito la kisayansi: kwa nini mimea ya mashariki ya Marekani inafanana zaidi na ya Japani kuliko na ya magharibi ya Marekani yenyewe? Wakapanda treni kuelekea magharibi. Walipiga kambi karibu na La Veta, Colorado, pamoja na kundi la upimaji wa ardhi la Ferdinand Hayden. Wakapita Salt Lake City, wakavuka Nevada, wakaiona miti mikubwa ya sekwoia huko California, na mwezi Septemba wakafika Mlima Shasta wakiwa na John Muir. Njia nzima hiyo, Hooker alikuwa akiandika barua kwenda nyumbani.

Sasa tuje kwenye fani. Jambo la kufurahisha ni kwamba safari hii moja imezaa maandishi ya aina tatu. Kwanza barua za 1877. Pili mhadhara alioutoa London mwaka 1878 kuhusu mtawanyiko wa mimea ya Amerika ya Kaskazini. Tatu makala ndefu aliyoiandika pamoja na Gray, iliyotoka mwaka 1880, juu ya uoto wa milima ya Rocky. Mhakiki akiyaweka maandishi haya sambamba, ataona namna nafsi ya msemaji inavyobadilika. Katika makala, msemaji amejificha. Mimea inapanda mlima yenyewe, inashuka yenyewe, inahama bara hadi bara, na hakuna mtu aliyechoka, aliyenyeshewa wala aliyekosa pa kulala. Katika barua, msemaji ana miguu na tumbo. Ana wenzake wa safari, ana treni ya kuwahi, ana kesho asiyoijua. Mwandishi wa makala anajua mwisho wa safari kabla hajaandika sentensi ya kwanza. Mwandishi wa barua hajui. Hapo ndipo barua inapoupata mvuto wake, na ni mvuto uleule tunaoutafuta katika riwaya: taharuki ya mtu ambaye yumo ndani ya tukio.

Lakini tusidanganyike. Wapo wanaosema kwamba barua kwa mke ndiyo moyo mtupu, kwamba hapo tunamwona mtu bila kinyago. La hasha. Katika familia za wasomi wa Uingereza ya wakati ule, barua ya msafiri haikuwa siri ya watu wawili. Ilisomwa kwa sauti mbele ya jamaa, ikapitishwa kwa shangazi na kwa rafiki, ikawekwa. Mwandishi alilijua hilo. Kwa hiyo barua inayoanza kwa kumwita mke ilikuwa pia hotuba ndogo kwa ukoo mzima, na kwa mtu mkubwa kama Hooker, pengine kwa vizazi vijavyo. Kinyago kipo, ila ni cha nyumbani.

Tena tusimfanye Hyacinth kuwa mwanamke wa kupokea tu. Huyu alikuwa binti wa William Symonds, padri aliyekuwa pia mtaalamu wa miamba na mwandishi wa vitabu vya jiolojia. Mume wake wa kwanza alikuwa Sir William Jardine, bingwa wa elimu ya ndege. Maana yake, tangu utoto amekulia kati ya mawe, majani na ndege waliokaushwa. Hooker alipomwandikia juu ya miamba au mimea, hakuwa anampigia mbuzi gitaa. Alikuwa anazungumza na mtu wa fani. Ndiyo maana kosa kubwa la msomaji wa leo ni kudhani kwamba mambo ya sayansi katika barua hizi ni ya mume, na mambo ya nyumbani ni ya mke. Mstari huo tumeuchora sisi.

Sasa tufike kwenye kiini. Barua kwa maumbile yake ni nusu ya mazungumzo. Anayeandika kwa kawaida anajibu kitu, anauliza kitu, anatuliza wasiwasi uliokwisha kuelezwa na mwenzake. Leo barua za Hooker zimehifadhiwa Kew, nyingi zimesomwa upya na kuwekwa kwenye intaneti, na mtu wa Dar es Salaam au Kisumu anaweza kuzisoma usiku akiwa kitandani. Hili ni jambo la kushukuru. Lakini tunaposoma tunakuwa kama mtu aliyekaa chumbani na jirani anayeongea kwa simu. Tunasikia "ndiyo", tunasikia "usijali", tunasikia kicheko. Swali lililouliziwa hatulisikii. Tukijisahau tutaanza kuamini kwamba jirani yule anaongea peke yake, na kwamba busara yote imetoka kinywani mwake.

Kuna jambo jingine linaloongeza uzito. Nani ametuhifadhia sauti ya Hooker? Alifariki mwaka 1911. Mwaka 1918 kikatoka kitabu cha maisha na barua zake, juzuu mbili, kilichoandikwa na Leonard Huxley. Ukurasa wa jina la kitabu wenyewe unakiri kwamba kimejengwa juu ya hazina iliyokusanywa na kupangwa na Lady Hooker. Ndiye Hyacinth huyo! Kumbe mwandikiwa wa 1877 ndiye mpangaji wa hazina ya 1918. Alikuwa msomaji wa kwanza, akawa mtunzaji, akawa mchambuzi wa nini kiende mbele ya mwandishi wa kitabu. Mkono wake umo katika kila ukurasa, ila mdomo wake haumo.

Wala hakuwa peke yake. Jane, mke wa Asa Gray, alikuwemo katika safari ile ya 1877. Yumo hata kwenye picha mashuhuri ya kambi ya La Veta. Mumewe alipofariki, ni yeye aliyehariri barua zake zikatoka mwaka 1893. Na Frances, mke wa kwanza wa Hooker, alitafsiri kutoka Kifaransa kitabu kizima cha botania cha Le Maout na Decaisne, kikatoka mwaka 1873, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mumewe akiwa mhariri. Wanawake watatu: mmoja mfasiri, mmoja mhariri, mmoja mkusanyaji. Ukiuliza darasani wanabotania wa safari ile ni akina nani, utajibiwa Hooker na Gray.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi tuzitupe barua za Hooker kwa sababu ni za mwanamume, tena mkubwa wa dola ya kibeberu. Uhakiki wa namna hiyo ni wa pupa, na hauongezi chochote. Wala sisemi Hyacinth ni mhanga aliyezibwa mdomo. Mwanamke aliyekusanya na kupanga hazina ya juzuu mbili za maisha ya mumewe alikuwa na uwezo, na aliutumia. Ninalosema ni kwamba ukimya wake ni sehemu ya matini. Tuusome kama tunavyosoma mishororo.

Nitoe mfano wa kupima hoja hii, wa hapa kwetu pwani na wa wakati uleule. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete, na mapema sana akawa mjane ugenini. Pamoja na kitabu chake cha kumbukumbu cha 1886, aliandika maandishi kwa umbo la barua za kwenda nyumbani. Hayo yalikaa kimya maisha yake yote. Alifariki mwaka 1924, na tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka 1993. Angalieni tofauti. Barua za mwanamume msafiri zilikuwa na mtu nyumbani wa kuzipokea, kuzitunza na kuzipeleka mtamboni. Barua za mwanamke aliye ugenini zilisubiri. Tofauti hii haitokani na ubora wa lugha. Inatokana na nani amekaa nyumbani na sanduku.

Na sanduku nalijua. Kwetu lipo moja la bati, chini ya kitanda cha mama. Ndani yake zimo barua ambazo baba alimwandikia alipokuwa akifanya kazi mbali nasi, zimefungwa kwa uzi, zimepangwa kwa miaka. Siku moja nilimwuliza mama: "Na zako ulizomjibu, ziko wapi?" Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Hizo alikaa nazo yeye," akasema. "Wanaume wanahamahama, mwanangu. Karatasi hazidumu." Tangu siku hiyo siwezi kusoma barua ya mume kwa mkewe, ya Hooker au ya baba yangu, bila kusikia nafasi tupu baada ya kila alama ya kuuliza.

Kwa hiyo, kwa mwenzetu wa semina jibu langu ni hili. Barua ni matini kamili ya kuhakikiwa, ila inadai maswali yake yenyewe. Iliandikwa kwa nani, na huyo alijua nini? Nani mwingine aliisikia ikisomwa? Nani aliitunza, na ya kwake nani aliitunza? Mhakiki anayeishia kwenye tashibiha hajayafikia maswali haya.

Na kwa wenzangu wote nina ombi dogo. Likizo hii mkifika nyumbani, ulizieni masanduku. Mkikuta barua za upande mmoja tu, mketini na yule wa upande wa pili angali hai, mumwulize alijibu nini.