Gould wa 1955 ao wa 1981? Miye nabaki na kijana

Wandugu, mwalimu wa korale yetu aliniambia neno moja na mpaka leo linanikera: "Wewe ungali mutoto, njo maana unapenda ile rekodi ya 1955. Ukishateseka kidogo, utahamia ku ile ya 1981."

Tulikuwa tunazungumzia Variasio za Goldberg za Bach, aria moja na variasio 30, zilizochapishwa 1741. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, alizirekodi mara mbili kule New York, mu studio ileile. Mara ya kwanza alikuwa na miaka 22. Mara ya pili 48, na muda mfupi kisha rekodi kutoka, mu 1982, akafariki. Pengine kifo hicho nacho kinafanya watu waisikilize kwa heshima ya matanga.

Watu wanapenda kupiga hesabu: ya kwanza dakika 38, ya pili 51. Basi wanasema kijana alikimbia, muzee alitulia. Hesabu hiyo inadanganya kidogo. Bach aliandika kila kipande kirudiwe. Kijana hakurudia hata kimoja, muzee alirudia baadhi. Sehemu ya zile dakika ni marudio tu.

Ile aria ya kufungua, sawa, sibishi. Mu 1955 haifiki dakika mbili, mu 1981 inapita tatu, na ni nzuri sana, kila noti inapewa nafasi ya kupumua. Sauti pia ni safi zaidi; ile ya zamani ni mono, kavu kabisa. (Kuguna-guna kwake kunasikika mu zote mbili. Ukitumia ekuta nzuri utazani kuna mutu nyuma yako.)

Lakini nendeni ku variasio ya 25, yenye huzuni kuliko zote. Yule kijana tunayeambiwa alikimbia anaicheza dakika 6 na sekunde 28. Muzee, dakika 6 na sekunde 3. Wote bila kurudia. Mwenye kukaa muda mrefu ndani ya maumivu ni yule wa miaka 22! Anasitasita, anavuta noti, sawa mutu asiyetaka kutoka ku kaburi. Muzee yeye amepanga kila kitu. Najua anafanya nini, ila hainigusi vile. Gould mwenyewe baadaye hakuipenda ile ya ujana, aliona imezidi hisia. Miye hapo simufuati.

Na nani alisema kijana hajui huzuni? Mu promosio yetu kuna waliozika wazazi mbele ya kumaliza memwari. Miye ni mumoja wao. Usiku ule nilisikiliza 1955, si 1981.

Jana nilimutumia mwalimu variasio ya 25 ku simu, bila kumwambia ni ya mwaka gani. Ameisikiliza. Bado hajajibu.