Sifa za Wahamisha Mashine

Mashine ya kukereza chuma ikishafungwa na kuanza kazi, sifa zote humwendea mkerezaji. Yeye ndiye atoaye shafti iliyonyooka, bushi inayokaa mahali pake bila kulegea, skrubu yenye meno safi. Ni haki yake. Lakini kabla yake walipita wengine, watu wa mtaimbo na mabomba, walioishusha mashine ile kwenye lori na kuiingiza katika banda la nyuma ya nyumba. Hao nawasifu, kwa sababu naamini usahihi wa mashine huanzia mikononi mwao.

Uzito wa mashine hizi ni wa makusudi. Tangu Henry Maudslay alipotengeneza jijini London, karibu na mwaka 1800, mashine ya chuma ya kukata skrubu kwa vipimo vya kuaminika, mafundi wamejua kwamba kisu kinachokata chuma hutetemesha kila kinachokishika, na dawa ya mtetemo ni mwili mzito. Ndiyo maana kitanda cha mashine hufanywa kwa chuma cha kusubu, ambacho mita moja ya ujazo ina zaidi ya tani saba. Mashine ya kuchongea aina ya Bridgeport, iliyoanza kutengenezwa Connecticut, Marekani, mwaka 1938, inakaribia tani moja, ilhali inaenea kwenye kona ya banda.

Basi tani moja hupitaje mlangoni bila kreni? Kwa hesabu. Upande mmoja wa mzigo huo hubeba yapata kilo 500. Chukua mtaimbo wa mita moja na nusu, weka egemeo sentimita 10 kutoka nchani. Upande wa fundi unakuwa mara 14 ya upande wa mzigo, na kilo 500 zinainuka kwa nguvu isiyofika kilo 36. Mtu mmoja anaiweza. Anainua kiasi cha kidole, mwenzake anasukuma kipande cha mbao kwa kijiti, maana mkono hauingii chini ya chuma kamwe. Kisha upande wa pili, kidole kwa kidole, hadi bomba lipite.

Hapo kazi inapendeza kutazama. Mabomba matatu yako chini, la nne linangoja mbele. Mashine ikisogea, la nyuma linachomoka na kupelekwa mbele. Kwenye kona, fundi analigonga bomba la mbele kwa nyundo likae mshazari, na mashine inafuata. Mwenye kutoa amri ni mmoja, kama pale jahazi linaposhuliwa: sauti moja, mikono mingi, na hakuna anayesukuma kabla ya kuambiwa.

Mhamishaji mzuri huisoma mashine kabla hajaigusa. Anajua kwamba ya kukereza ni nzito upande wa kichwa, kwenye gia, na chini ni nyembamba, hivyo hupinduka upesi. Anasogeza kibeba kisu kuelekea mkiani ili uzito ulingane. Mkanda wa kunyanyulia haupitishi juu ya skrubu ndefu ya mbele, kwa kuwa hiyo ikipinda hata kidogo, itarithisha kasoro yake kwa kila skrubu itakayokatwa. Ile ya Bridgeport huigeuza kichwa kikatazama chini, ili uzito ushuke karibu na sakafu.

Na ikishafika mahali pake, bado. Kitanda cha chuma, pamoja na ugumu wake wote, hujipinda kufuata sakafu iliyo chini ya miguu yake, na kikijipinda, shafti hutoka nene upande mmoja. Kwa hiyo fundi hulaza pimamaji la karakana, linaloonyesha tofauti ya milimita 0.02 kwa kila mita, mara upande wa kichwa, mara upande wa mkia, akikaza na kulegeza boliti robo mzunguko kwa robo mzunguko. Nimesimama pembeni ya kazi hiyo, na hakuna aliyezungumza mpaka kiputo kilipotulia pale pale pande zote mbili.

Ujira wa watu hawa mara nyingi huhesabiwa kama wa kupakua mizigo. Si haki. Mpakuaji humaliza kazi yake mzigo ukifika chini. Ya mhamisha mashine itaonekana katika kila kipande kitakachokerezwa kwa miaka mingi. Kijana anayejifunza kukereza na akae nao, ashike mtaimbo, asome kiputo. Siku atakayokata chuma kwa mkono wake, atajua usahihi anaoutegemea aliupokea kutoka kwa nani.